Nilivyougombeza Mwarubaini

Leo Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, nilianza kujiaibisha, na kufikia saa tano unusu kazi nilikuwa nimeimaliza. Sikusaidiwa na mtu. Mashahidi ni watoto kumi na wanne wa chekechea, nusu yao mapengo, pamoja na wazazi wao. Nasimulia mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine.

Mnaonijua darasani mnajua mimi ni mtu wa kukaa nyuma. Mwalimu akiuliza swali, huwa naangusha kalamu makusudi ili niiname kuiokota. (Muhula huu zimeshanivunjikia tatu.) Lakini Jumamosi mimi ni mtu mwingine. Khalati yangu, dadake mama, ana kikundi cha watoto wadogo wanaocheza nje, kwenye ua mkubwa hapa Mji wa Kale, karibu na bahari. Hakuna meza, hakuna daftari. Wanachimba tope, wanafuata sisimizi mpaka shimoni kwao, wanaokota kungu zilizoanguka mtini. Mimi ndiye msaidizi. Wananiita Anti Rukia, na mbele yao naongea kama redio.

Sasa, wazazi wamechoka na tope. Kinara wao ni Bi Shufaa, mamake Nasri. Nasri ana miaka mitano, na kila Jumamosi huletwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hadi unaogopa kujikata nayo. Juma lililopita alirudi kwao na kanzu rangi ya chai. Bi Shufaa akaandika kwenye grupu ya wazazi: "Nimepeleka mtoto, nimerudishiwa mchimba kisima." Wazazi wanane wakaweka dole gumba.

Leo asubuhi Khalati akanambia wazi: "Hao wanane wakiwatoa watoto wao, ua huu tunaufunga. Saa tano wanakuja wote. Utaongea weye."

"Mimi?!"

"Mimi wamenichoka. Weye bado wakumbuka kucheza. Dakika mbili tu."

Dakika mbili! Mimi ninayeshindwa kumwambia muuza viazi karai kwamba amesahau kunitilia ukwaju!

Saa nne na robo ikafika. Khalati akawaanzishia watoto mchezo wa ramani ya sauti. Kila mtoto hukaa peke yake, kimya, na karatasi yake. Katikati anajichora yeye mwenyewe. Kisha kila akisikia sauti anaichora upande ilikotoka: ndege, upepo, mlango. Dakika kumi bila neno. Nikaona huo ndio wakati wa kufanya mazoezi. Nikaenda kwenye mwarubaini ulioko pembeni, nikawapa watoto mgongo, na nikaamua kwamba mwarubaini ule ni Bi Shufaa.

Nilianza kwa adabu. "Asalaam aleikum, wazazi wetu."

Mwarubaini ukanijibu (kwa sauti yangu mimi, nikiitolea puani kidogo kama yeye): "Waaleikum salaam, sema upesi, nimeacha wali jikoni."

Kumbe kuongea na mti ni rahisi hivi! Nikashika kiuno. "Bi Shufaa, nakuheshimu kama mamangu. Lakini kanzu nyeupe na tope, wapi na wapi? Mtoto amekuja kucheza au amekuja kuoa?" Nikazidi kuukaba, kidole juu. Mwisho ukaomba radhi: "Nimekosa, mwanangu." Nikasema, "Yamekwisha," nikaukumbatia.

Wallahi ilikuwa hotuba bora ya maisha yangu. Tena niliinong'ona. (Nilidhani nilinong'ona.) Nilichosahau ni kwamba hawa watoto wamefundishwa majuma chungu nzima kusikiliza tu. Kunguru akitua, wanakwambia ametua tawi gani.

Saa tano wazazi wakakaa mikekani. Bi Shufaa mbele kabisa, mkoba mapajani. Mimi nikajificha nyuma ya Khalati. Khalati akasema, "Kabla Rukia hajaongea, watoto wawaonyeshe ramani zao."

Wa kwanza alikuwa Baraka, ambaye babake anafanya kazi bandarini. Akanyanyua karatasi. "Hii ni honi ya meli. Ni baba ananiita."

"Si mimi, bwana," babake akajibu, "mimi leo niko likizo!" Watu wakacheka. Mambo shwari. Nikaanza hata kupumua.

Wa pili Nasri. Kanzu yake ya leo ilikuwa na tope mpaka magotini. Karatasini alikuwa amechora mti wenye mdomo.

"Huu ni nini, Nasri?" Khalati akauliza.

"Mti. Na huyu ni Anti Rukia. Wanaongea."

Khalati ana mazoea yake ya ualimu ambayo leo yamenimaliza. Mtoto akisema kitu, chochote kile, yeye huuliza, "Na tena?"

"Na tena?"

"Mti ukasema, sema upesi, nimeacha wali jikoni." (Puani! Mtoto aliitoa puani!)

Akina mama wawili wakageuka kumtazama Bi Shufaa. Inaonekana ndivyo asemavyo kweli. Nikamkonyeza Khalati. Nikatikisa kichwa. Nikakohoa. Khalati akanipa chupa ya maji.

"Na tena, Nasri?"

"Anti akasema, Bi Shufaa, nakuheshimu kama mamangu."

Bi Shufaa akaweka mkoba chini, akainama mbele, na safari hii akauliza yeye:

"Na tena?"

Nasri akavuta pumzi, lakini hawakumngoja. Watoto wote wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ya kusikika mpaka kule mtaa wa Tononoka:

"MTOTO AMEKUJA KUCHEZA AU AMEKUJA KUOA?"

Babake Baraka akaanguka ubavu kwenye mkeka. Bibi mmoja akajifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Na kitoto kingine, Kauthar, kikaona habari haijakamilika, kikaongeza, "Halafu mti ukaomba radhi, na Anti akaukumbatia."

Ardhi ilikataa kunimeza. Niliiomba.

"Ewe Rukia," Bi Shufaa akaniita. "Hebu njoo."

"Naam, Bi."

"Mti ulikuwa mbali kiasi gani?"

"Ha... hapa hivi."

"Basi simama hapo hapo. Haya, niambie mimi."

Hotuba yote imeyeyuka. Hata salamu imenitoka. Kilichobaki kichwani ni kitu ambacho sikuwa nimekifanyia mazoezi, basi nikakisema hicho hicho.

"Bi, majuma yote ya mwanzo Nasri hakucheza. Alikuwa akikaa mkekani akitazama wenzake, ameishika kanzu hivi, isiguse chini. Nikimwita asema mama atasikitika. Jumamosi iliyopita ndiyo mara yake ya kwanza kuchimba. Akapata nyungunyungu, akampa na jina. Tope lile ndilo la siku hiyo."

Bi Shufaa akamgeukia mwanawe. "Ulimpa jina gani?"

"Shufaa," Nasri akajibu. "Kwa sababu ni mzuri."

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Bi Shufaa akajizuia. Akajizuia tena. Mwisho pua ikamsaliti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Wangu atabaki," akasema alipopata sauti. "Na nyinyi mliokuwa mkiweka madole gumba, semeni basi." Wakaanza kutafuta viatu vyao. Akaninyooshea kidole. "Ama weye, kesho saa mbili asubuhi uje kwangu na sabuni yako. Kanzu ya juma lililopita nimeiroweka siku saba haitakati, na leo naona nimeletewa ya pili. Usugue kwanza, ndipo uniulize ni nani anayeoa."

Watoto wote kumi na wanne wanabaki. Khalati anatembea kifua mbele. Mimi nimejifungia chumbani naandika haya, na funzo ni hili: ukiwa na siri, mwambie mtu mzima. Watu wazima hawasikilizi.

*

Jumapili mchana, naongeza. Saa mbili kamili nilikuwa mlangoni kwa Bi Shufaa na kipande cha sabuni mkononi. Akanipa kibao cha kukalia, yeye akachukua kingine, tukaanza na ile kanzu ya juma lililopita, yeye upande wake, mimi upande wangu. Ikagoma. Bi Shufaa akaiinua juani, akaguna, akaingia ndani akatoka na mkasi.

"Kata mikono. Kata na chini. Hii sasa ni ya Jumamosi."

Nikakata. (Mkono mmoja umezidi mwingine. Sikusomea ushonaji.) Nasri akaivaa ikiwa bado inachuruzika, akakaa pwaa kwenye maji ya sabuni, akatutazama aone tutasema nini. Mamake akanisukumia karai.

"Haya mwanangu, ya jana bado."

Nikainama, nikasugua. Vidole vyangu mpaka sasa vimekunjamana kama kungu kavu, ndiyo sababu nimechelewa kuwajibu mnaoniandikia tangu jana. Na mkija shuleni Jumatatu, msicheke. Nawajua.