Bibi Yangu, Leta na Kasiksi

Jumanne, 12 Septemba 2023

Annonciata ameniacha! Si mbali. Bibi yangu amerudi kwa baba yake, kibanda cha tatu kutoka chetu, hapahapa kambini Lac Vert. Akipiga chafya, namusikia kupitia mabashe, haya maturubai ya vibanda. Kisa ni sufuria. Niliibadilisha na chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ya jirani yangu Ndayambaje, nianze kupeleka makaa mtaani Ndosho. Chukudu haina gurudumu la mbele. Mutu mwenye akili anajua gurudumu litakuja tu. Annonciata aliona tu kwamba maharagwe hayana pa kuchemkia.

Bila yeye sipati usingizi. Naandika ukweli, hapa hakuna wa kunicheka.

Kwetu Masisi desturi inajulikana. Bibi akikasirika akarudi kwao, bwana anamufuata na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pamoja na musemaji mwenye adabu. Anaomba radhi mbele ya wakwe. Lakini kasiksi nitatoa wapi? Migomba tuliiacha Masisi tulipokimbia vita. Na kuomba radhi, mimi? Aka! Nitatafuta njia fupi.

Jumatano, 13 Septemba

Imepatikana! Leta imeleta masomo ya ndoa kambini. Serikali yenyewe! Mwalimu ni Mama Lucie wa komine, ofisi ya Leta ya mtaa. Anafundisha kusikilizana, anashauri wenye ugomvi, na mwishoni wanaotaka wanaandikishwa ndoa bure. Nikapata wazo: musemaji wangu awe Leta. Nani atadai kasiksi mbele ya Leta?

Nikamuomba Mama Lucie anisindikize kwa wakwe, kuwasalimia tu. Muzee Hitimana, baba mukwe wangu, akatukaribisha vizuri, akatazama mikono yetu mitupu, akauliza kasiksi iko wapi. Nikajibu kwa sauti nzito kwamba Leta imeamuru Annonciata arudi nyumbani. Mama Lucie akanigeuzia macho! Akasema Leta haiamuru bibi ya mutu, inafundisha tu, na mwanafunzi wake wa kwanza ameshamuona.

Muzee naye akamugeukia Mama Lucie, akamuuliza: Leta ilishindwa kulinda ng'ombe wake walioporwa Masisi, sasa inataka kulinda ndoa? Ianze na ng'ombe. Mama Lucie akakubali kwamba muzee ana haki. Akasema kwa upole kwamba ng'ombe hawezi kuwarudisha, lakini vita inaingia mpaka ndani ya nyumba, watu wanagombana kwa njaa na kwa kubanana, na hapo labda anaweza kusaidia. Mimi nikatoka kinyumenyume. Aibu gani hii!

Ijumaa, 15 Septemba

Basi, kasiksi. Ndizi nimezipata sokoni Birere, zile zilizoiva mpaka zinalia. Kasiksi ya kweli inataka mutama uliokaangwa na subira. Sina vyote viwili. Nimetia chachu ya mandazi, nyingi, nikafunga bidon, dumu letu la maji, kwa nguvu zangu zote. Wazee wetu hawakufikiria hilo!

Jumamosi, 16 Septemba

Mama Lucie aliwaalika wakwe na Annonciata kwenye somo, ndani ya hema lake. Nikafika na bidon. Ilikuwa imevimba. Nikaona ni dalili nzuri.

Katikati ya somo la uvumilivu, PUU! Kifuniko kikapiga paa la hema. Povu lote likamwangukia Muzee Hitimana. Watu wakalala chini, wengine wakafunika watoto wao, maana sisi mulio kama ule tunaujua. Nikatamani ardhi inimeze. Kisha mutu mumoja akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia. Annonciata! Hema lote likamufuata.

Mama Lucie akatukalisha mbele. Mumoja aseme, mwingine arudie alichosikia bila kujitetea. Annonciata akasema shida si sufuria. Tulipokimbia mabomu tuliulizana kila kitu, hata njia ya kupita. Tangu tufike hapa simuulizi neno. Habari za nyumba yake anazipata kwa majirani. Nikafungua mudomo nijitetee. Mama Lucie akainua kidole. Nikarudia maneno ya bibi yangu. Yaliniuma sana. Nikaomba radhi mbele ya wote.

Muzee, akijipangusa, akasema kasiksi ameipokea, hata kama ni kwa kichwa. Leo Leta imefanya kazi. Ng'ombe wake bado anawadai.

Annonciata amerudi! Sharti ni moja: nisipange jambo bila kumuuliza kwanza. Nimeapa.

Jumatatu, 18 Septemba

Furaha tupu. Mama mukwe ametuazima sufuria, tumekula maharagwe ya moto.

Lakini Mama Lucie anakaribia kuondoka. Nani atafundisha kambi hii? Mimi, niliyeokolewa na masomo! Ndayambaje pia bibi yake amenuna. Kesho asubuhi yeye na wengine wanakuja kwetu na mabibi zao. Kila nyumba italeta kuni. Somo la kwanza: Annonciata atasimama mbele yao aeleze alivyonisamehe, kisha atawapikia. Nimezunguka kambi nzima nikitangaza.

Yeye alikuwa ameenda kuteka maji, sikuwa na wa kumuuliza. Si neno. Huyo hapo, anatoka bombani, majirani wanamupongeza. Amesimama. Ametua bidon chini. Sasa anakuja mbio. Bibi yangu, ona anavyofurahi!