Sanduku la Maestro Rigobert

Mwizi, jeshi na mvua, vyote vilikwisha kushindwa na Maestro Rigobert Tshimpaka! Ndivyo alivyosema mwenyewe, kila siku, kabla ya kula na baada ya kula.

Na ushahidi alikuwa nao. Miaka ya vita, askari walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakibeba redio, baiskeli na hata milango, huyu mwongozaji wa kwaya ya Mikelenge, komini moja ya mji wa Kindu, aliitia spika ya kanisa ndani ya jeneza, akawaita waimbaji waje kumlilia marehemu. Askari wakavua kofia! Mmoja akasaidia hata kuchimba! Spika ililala kaburini miaka miwili, ikafufuka imejaa mchwa, ikitoa sauti ya chura mwenye mafua. Lakini haikuibwa, na kwa Rigobert hilo lilitosha.

Miaka hiyohiyo vitabu vya nyimbo vilikwisha, maana askari walivisokotea tumbaku. Kwaya ikaimba nyimbo sitini kutoka kichwani, kwa kunong'ona, bila kukosa neno. Leo je? Leo mtu akiombwa ubeti wa pili kwenye mazishi ya mama yake mzazi, anapapasa mfukoni kutafuta simu!

Aliyemalizia uharibifu huo ni Rigobert mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita alileta kompyuta na ekra yake, kioo kipana kama sinia ya harusi, akakisimamisha mbele ya waimbaji ili maneno yote yasomwe hapo. Kisha akatoa sheria.

"Macho kwa ekra! Kile kinaandikwa njo kinaimbwa. Muntu mwenye kufikiri anaharibu kwaya!"

Watu wakatii. Kutofikiri si kazi ngumu, hasa ukipata mwalimu mzuri.

Halafu akaijengea ekra sanduku la mbao ngumu za mti wa libuyu, unene wa vidole vitatu, lenye mlango na kufuli kubwa kama kobe. Uso wa kioo tu ndio uliotazama nje, kama mfungwa dirishani. Vitufe vyote vilibaki ndani, vimebanwa na ubao.

"Nani atagusa?" alijitapa. "Hata mimi mwenyewe siwezi kugusa!"

Hapo alisema kweli, na ilikuja kumgharimu.

Pasta Ephraïm alikuwa aje Jumapili kutoka Kailo, kuchagua mtu mmoja wa kuongoza kwaya ya komini zote tatu za mji kwenye jubile ya kanisa. Kiti hicho Rigobert alikuwa amekwisha kukikalia rohoni. Suti nyeupe ilikuwa imeshonwa. Hata kupokea makofi alikwisha kujizoeza, akiinama mbele ya mbuzi wake uani, kulia mara tatu, kushoto mara tatu. Mbuzi hakupiga makofi, lakini hakuondoka pia.

Jumamosi, baada ya mvua ya siku nne, waimbaji wakakusanyika kwa mazoezi. Jenereta ikakohoa, kioo kikawaka, wimbo ukatokea. Katikati ya wimbo, juu ya maneno yenyewe, lo! Kijisanduku cha kijivu, ile orodha ya Kifaransa ya kurekebisha mwanga, ukolezi na lugha ya kioo:

LUMINOSITÉ 100
CONTRASTE 70
LANGUE FRANÇAIS

Kikaganda pale kama mgeni aliyesikia harufu ya chakula.

Rigobert akazima, akawasha. Kipo. Akang'oa nyaya zote, akazipuliza moja moja, akazirudisha. Kipo! Akaazima rimoti ya televisheni kwa jirani, akailenga kama bunduki. Televisheni ya jirani ikazimika, jirani akatukana, kijisanduku kikabaki. Akakizaba kioo kofi la kushoto, kisha la kulia ili kisidhani kinaonewa.

"Virusi!" akatangaza huku jasho likimtoka. "Hii njo virusi ya hatari kabisa."

Douce, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akianzisha nyimbo upande wa sauti ya kwanza, alikuwa amechungulia kwenye ufa wa sanduku.

"Papa Maestro, haiko virusi. Mbao imekunywa mvua, imevimba, njo inabonyeza kitufe. Ufungue tu."

Rigobert akavua ufunguo shingoni. Kufuli likafunguka vizuri. Mlango ukakataa. Akavuta, akasukuma, akaweka mguu ukutani akavuta tena, akabaki na mpini mkononi. Mlango wenyewe ulikuwa umevimba ukawa kitu kimoja na sanduku.

"Basi tupasue," akasema Douce. "Nyundo iko wapi?"

"Kupasua? Sanduku yangu?" Rigobert akaikalia nyundo palepale. "Weye Douce, wakati wa vita ulikuwa unavaa nini? Nepi! Kesho Pasta anakuja kuona hii kazi, nimuonyeshe vipande vya kuni?"

"Na tutaimba nini, Papa?"

"Mutasoma juu, mutasoma chini. Pa katikati mutafunga kinywa, mutaruka."

Mama Ntumba, muuza samaki mwenye sauti nzito kuliko wanaume wawili, akainua mkono.

"Maestro, na kama pa katikati njo Yesu iko?"

"Utamuruka!"

"Nimuruke Yesu?"

"Basi nani anajua maneno ya katikati kwa kichwa?" akafoka Rigobert.

Watu thelathini na wawili wakatazama viatu vyao. Maestro naye akatazama vyake, vilivyong'arishwa vizuri sana.

Jumapili kanisa likajaa mpaka madirishani. Pasta Ephraïm akakaa mbele, mikono juu ya fimbo yake. Rigobert, mweupe toka kola hadi soksi, akainua mikono. Kwaya ikapasua:

"Bwana, uliyetuvusha maji makuu..."

Akawafanyia ishara kali: rukeni! Lakini miaka mitatu alikuwa amewafundisha kutofikiri. Asubuhi moja haikutosha kuwafundisha kufikiri. Macho yalikuwa kwenye ekra. Kinachoandikwa ndicho kinachoimbwa!

"Luminositeee, mia moja!" wakaanza akina dada.

"Kontraste! Kontraste! Sabini!" wanaume wakanguruma chini.

Rigobert akapunga mikono kama anayefukuza nyuki. Wakadhani anataka zaidi, wakaongeza!

"Lange fransee, aleluya!" akapaza Mama Ntumba, na ile aleluya aliitoa mfukoni mwake.

Watu wakasimama. Vigelegele! Mzee mmoja akatupa kofia yake na haijapatikana hadi leo. Wimbo ukarudiwa mara nne, na mwisho Pasta Ephraïm alikuwa akifuta macho kwa leso.

"Nani alitunga hii wimbo?"

Douce akafungua kinywa aseme kweli. Rigobert aliona leso, akaona machozi, akaiona jubile yenyewe ikimjia mbio.

"Mimi, Pasta! Mimi mwenyewe. Nilikesha siku tatu."

Pasta akamshika mkono.

"Mwanga mia moja! Ndugu yangu, muntu wa akili kama hii haifai kuchoka na kupunga mikono. Mutunzi akae chini, atunge. Kwaya ya komini tatu itaongozwa na huyu dada mwenye kuanzisha. Unaitwa nani, mama?"

"Douce, Pasta."

Rigobert akisema kwamba wimbo ule ni ekra mbovu, ataaibika mbele ya Kindu nzima. Akinyamaza, kiti kimekwenda. Akapima, akapima tena, na majivuno yakawa mazito zaidi. Akainama kulia mara tatu, kushoto mara tatu.

Siku ya mazoezi ya jubile alikaa benchi la nyuma, katikati ya vijana wa komini ya Alunguli, ndani ya suti yake nyeupe. Douce alikuwa ameizima ekra ili watu waimbe kutoka kichwani. Akainua mikono, kwaya ikaanza wimbo uleule, na Rigobert akaimba kwa nguvu zake zote:

"Luminositeee, hamsini!"

Douce akasimamisha kwaya nzima.

"Papa Rigobert! Ni mia moja. Ujifunze maneno, tafadhali. Mutunzi alikesha siku tatu kwa ajili yetu."