Chakula cha Walinzi wa Ngozi

Jumanne, 7 Julai 1998. Mtaa wa Jericho.

Mungu ni mwema. Nimepata suluhisho la uso wa Mama Ndindi. Tangu ile sabuni ya kung'arisha imchubue mashavu, mke wangu haendi kwaya. Anajifunika leso hata akianika nguo. Jumapili nakaa pale na ushemasi wangu, namtafuta kwenye sauti ya kwanza, hayupo. Inauma.

Basi leo nesi Shitanda alikuja kanisani kutufundisha afya. Ngozi ina vijidudu vizuri, akasema, visivyoonekana, vinavyoilinda. Walinzi! Sabuni kali inawaua. Huko ng'ambo wataalamu wanatoa sukari fulani kwenye mimea, wanaitia kwenye mafuta ya kupaka, walinzi wanakula, ngozi inatulia. Nikauliza mimea gani. Akataja mingi, vitunguu vimo. Alikuwa bado anaeleza jinsi inavyosafishwa kiwandani. Mimi nilishafika sokoni.

Jumatano, 8 Julai.

Sikuchonga vinyago leo. Twiga wa watalii watasubiri. Nimemenya vitunguu, nimetwanga, nimekamua, nimechanganya na mafuta ya mgando. Nimelia kama niliyefiwa. Muhiba, mke wa Idarusi mwenye duka, akachungulia, akauliza kama shemasi anapika sambusa au anapika mke. Huyu anajiona daktari kwa sababu ana mshubiri kwenye kopo mlangoni. Eti nimwache mwenzake anawe maji matupu, apake utomvu wa mshubiri, basi. Nikamjibu kwa upole wa Kikristo: mshubiri ni mchungu, mlinzi gani ataula?

Mama Ndindi alinusa. Akayatazama macho yangu mekundu. Akakubali kupaka, na Jumapili atakwenda kanisani. Asante Yesu.

Jumapili, 12 Julai.

Sijui niandikeje. Alikwenda. Kajipaka tabaka nene. Wanakwaya wakamkimbilia, wakamkumbatia shavu kwa shavu. Mmoja mmoja wakaanza kulia. Sauti ya kwanza yote! Kisha ya pili. Mchungaji akasema Roho ameshuka Jericho, akaweka kando mahubiri aliyoandaa, tukaomba mpaka saa nane. Mimi nilijua kilichoshuka. Nilitubu kidogo.

Nyumbani nikamwomba msamaha. Mashavu yake mekundu kama nyanya! Akacheka mpaka akaketi chini.

"Baba Ndindi," akasema, "nilijua kitunguu hakifai. Nilipaka kwa sababu ulilia mchana kutwa kwa ajili ya uso wangu."

Sikuona haja ya kumweleza tabia za vitunguu.

Jumamosi, 25 Julai.

Uso umepona! Laini kabisa. Leso imerudi kabatini, mazoezi ya kwaya hakosi. Mama Ndindi anasema tangu Jumapili ile hajagusa kitunguu. Ananawa maji matupu na kupaka mshubiri wa Muhiba. Muhiba naye kapita hapa akitembea kama mke wa waziri. Nimelitafakari jambo hili katika sala. Liko wazi. Walinzi walikula vitunguu siku ile wakashiba. Mshubiri ukakuta kazi imekwisha.

Jioni mchungaji kaninong'oneza kwamba ana mba, kichwa kinamwasha, aibu mbele ya waumini. Maskini mtumishi wa Mungu! Nikamwambia asihangaike. Nesi alitaja pia vitunguu saumu, na hivyo vina nguvu zaidi. Kilo nzima iko kwenye kinu. Nimemsihi apake asubuhi, kabla ya kupanda mimbarani.