Poti ya Kumrudisha Maimuna

Jumatatu, 5 Mei 2025
Mke wangu Maimuna kapiga simu kutoka Maskati. Hospitali wanataka aongeze mkataba wa uuguzi. Kaniuliza nasemaje. Nimemwambia afanye anavyoona. Mimi! Nilitaka kusema rudi, kitanda kimekuwa uwanja wa mpira.

Lakini nina mpango. Milima ya Uluguru! Nani aione kila asubuhi halafu akubali kubaki jangwani? Nimefunga kamera ya mtumba barazani, imeelekea milimani. Humu ndani picha naipata safi. Kilichobaki ni kufungua poti kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, yaani kamlango ka kumwingiza Maimuna kutoka kule aliko mpaka kwenye kamera. Kazi ndogo.

Jumanne, 6 Mei
Si kazi ndogo.

Poti nimefungua. Umeme ukakatika. Uliporudi, ruta ikagawa anwani za vifaa upya, ya kamera ikapewa televisheni! Nimeiwekea kamera anwani ya kudumu. Maimuna bado anaona ukurasa mweupe. Kasema basi, tuongee tu. Nimemwambia sina nafasi, natafuta hitilafu.

Jirani Abdulswamad, mkewe yuko Mtwara. Kila jioni anampigia simu, wanacheka mtaa wetu wote wa Kihonda unasikia. Simu tu! Hana ubunifu.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeipigia simu kampuni ya intaneti. Dada mmoja, Catherine, kanieleza kwa upole kwamba anwani yangu ya nje naitumia pamoja na wateja wengine. Hata nifungue poti zote, mgeni hafiki kwangu. Kumbe nahangaika na mlango wa chumba, geti limefungwa! Nimeomba anwani ya peke yangu. Kauliza ni ya biashara? Nikasema ya ndoa. Kisha akasema ataandika matumizi binafsi.

Ijumaa, 9 Mei
Nikisubiri anwani, nimekuta khanga ya Maimuna nyuma ya mlango. Bado inanukia udi. Nimeikunja. Nimeikunjua. Nimeitundika palepale.

Jumamosi, 10 Mei
Anwani imekuja, poti imefunguka! Maimuna kaingia! Na milima yote imezama ndani ya wingu. Kaona wingu na kamba ya nguo. Nikatoka mbio barazani, mbele ya kamera, kutazama kama litaondoka. Simu ikalia. Maimuna, sauti imelowa machozi.

“Stambuli, hapohapo, usisogee. Mbona umekonda hivyo? Milima naijua mume wangu, nimezaliwa Mgeta, hukohuko milimani. Wewe ndiye sijakuona.”

Nilisimama pale kama mlingoti. Nilikuwa na mengi ya kusema. Nikasema kesho kutakucha kweupe.

Jumapili, 11 Mei
Nimeyatafakari maneno yake usiku kucha. Nimemwelewa. Kazaliwa Mgeta! Kihonda hakumvuti, anataka kuona kwao! Kamera inahamia Mgeta. Nimempigia mama mkwe aliye huko, shikamoo mama. Kauliza mwanangu anarudi lini. Nimemwomba subira, kwanza tutafute ruta.

Maimuna katuma ujumbe. Kesho asaini au akatae, anasubiri neno langu moja tu. Nimemjibu asiwe na haraka, poti nyingine inakuja.