Siku Mwaitu Alipoiombea Nyumba

Leo nimeaibika nikiwa nimefumba macho. Wacheni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mutomo, maana hapa habari haikai.

Mnajua nimekuwa nikijaribu kuuza nyumba yetu ya huku nyumbani. Baba alishatuacha, na Mwaitu, mama yangu, anaishi peke yake. Majuzi alianguka karibu na jikoni akalala pale chini mpaka jirani akapita. Tangu hapo sina usingizi. Simu yake ikichelewa kushikwa, mimi huko mjini Wote ninakofanya kazi nimeshamzika. Nikaamua tuuze, nimjengee chumba kwangu, niwe namwona kila asubuhi. Nilipomwambia kwa simu alisema, "Sawa, Mumbua." Nikachukua sawa ni sawa.

Shida ni nyumba yenyewe. Mnunuzi wa kwanza alionja maji ya kisima akatema (ni ya chumvi, hata chai ya maziwa inakatika). Wa pili alitia kidole kwenye ufa wa ukuta wa sebuleni, kidole kikaingia chote. Akasema atapiga simu. Labda hana salio mpaka leo.

Kwa hivyo leo nilijipanga. Asubuhi niliita mwenye punda akanijazia tanki maji matamu. Kabati nikalisukuma likafunika ufa. Mbao za paa zilizoliwa na mchwa nikazipaka rangi (mchwa wote wakiwa ndani). Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, pale tulipomzika Baba.

Hapa ndipo mtanihukumu. Nani atanunua nyumba iko na kaburi? Nikachukua kuni nikazipanga juu yake mpaka saruji ikapotea kabisa. Nikajiambia Baba angeelewa, yeye aliyekuwa akinywesha mbuzi maji mengi kabla ya kuwapeleka soko ili waonekane wanono. Mwaitu alikuwa ameketi kando akipepeta ndengu. Aliniangalia mpaka nikamaliza.

Wageni wakafika. Mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa Kalamba, wanataka kuhamia karibu na binti yao ambaye ni nesi hapa. Watu wapole sana. Mwalimu akaonja maji, akanywa kikombe chote.

"Haya ni matamu," akasema.

"Hicho kisima ni baraka tu," nikajibu. (Mchana peupe, bila hata kupepesa macho.)

Mkewe akazunguka nyuma. "Na kuni zote hizi?"

"Mama hapendi gesi."

Mwaitu akaendelea na ndengu zake.

Mwisho wakasema wameipenda. Mwalimu akaniuliza ni lini tunaweza kuonana kwa wakili. Moyo wangu karibu utoke. Nikaanza kuona kile chumba, dirisha lake, Mwaitu ndani yake. Sasa, kwetu mgeni haondoki bila maombi. Kwa hiyo furaha yangu yote nikasema, "Mwaitu, tufungie na maombi." Ni mimi nilisema. Hakuna mtu alinilazimisha.

Tukasimama, tukafumba macho. Akaomba kwa Kiswahili, kwa heshima ya wageni.

"Baba Mungu, asante kwa hawa watu. Wametafuta mpaka wamechoka. Usikubali wanunue shida."

Nikafungua jicho moja.

"Wewe unajua hiki kisima ni cha chumvi, na maji wamekunywa yameletwa na punda asubuhi. Mbariki huyo punda."

"Amina," Mwalimu akaitikia. Ni mazoea tu.

"Unajua ule ufa nyuma ya kabati. Unajua wale mchwa wamepakwa rangi. Msamehe mtoto wangu, Bwana. Si mwizi, ni woga. Anaogopa nitakufa hapa peke yangu."

Nikasema "Amina!" kwa nguvu, nikifikiri nitamfunga hapo.

"Sijamaliza, Mumbua." Akarudi kwa Mungu. "Na mume wangu, mwambie asikasirike. Leo amewekewa kuni juu, na mimi sina nguvu ya kuzitoa. Mimi sitaki kuenda, lakini hakuna mtu ameniuliza. Nimeambiwa tu. Kama ni kuanguka, wacha nianguke karibu na yeye. Amina."

Hakuna aliyeharakisha kufungua macho. Mke wa Mwalimu alikuwa analia. Mwalimu akachukua kofia yake, akashika mkono wa Mwaitu kwa mikono yake miwili akamwambia, "Mama, asante sana." Mimi alinipita kama mlango.

Nilitaka nikasirike, wallahi nilijaribu. Walipoondoka nikamuuliza, "Mwaitu, mbona hukuniambia mimi? Mbona uliniambia sawa?"

"Ulikuwa unalia kwa simu," akasema. "Ningekuambia nini?"

Nikaenda nyuma nikaanza kutoa kuni. Akaja na leso yake, akainama polepole, akawa anapangusa saruji kila nikiondoa. Alimwambia Baba maneno kwa Kikamba ambayo sitayaandika hapa. Mimi nililia mpaka jirani akachungulia.

Sasa nimekaa jikoni kwake na vibanzi kwenye vidole. Nyumba haijauzwa. Bado anaishi peke yake, na kesho mimi narudi kazini, na sijui nitamlinda aje.

Tafadhali msicheke. Na kama kuna mzazi unampangia maisha, muulize mapema, kabla hujamwambia afunge na maombi.