Malalamiko Juu ya Sekunde Ishirini

Kwako Mkuu wa Shule,
Mwisenge, Musoma.

YAH: PICHA ZINAZOONDOKA KABLA MTU HAJAMALIZA KUSEMA

Shikamoo, Mwalimu. Kama umri wako hauruhusu, basi marahaba.

Mimi ni Pastory Majura wa Suguti, mwenyekiti wa kamati ya maji na baba wa Debora wa kidato cha tatu. Siku ya wazazi niliona wanafunzi wakiwasilisha kazi zao kwa mtindo wenu mpya: picha ishirini ukutani, kila moja sekunde ishirini, kisha inaondoka yenyewe bila kuomba ruhusa. Nalalamika hivi:

1. Niliombwa kutoa shukrani kwa mtindo huohuo. Nikiwa bado nawatambua viongozi wa dini, picha ya nne ikaondoka. Nikainua mkono kuizuia, wanafunzi wakapiga makofi wakidhani nimemaliza. Nikakaa na hoja zangu tumboni.

2. Debora alionyesha pampu yetu mbovu, foleni ya ndoo, na miguu ya mama yake iliyovimba kwa kupandisha maji kilimani. Hakusema mengi. Mhandisi mmoja wa maji, mzazi mwenzetu, akasimama: "Pampu hii iko wapi?" Mwalimu, mtu huyo nimemwandikia miaka mitatu! Barua ya mwisho ilikuwa na historia ya kijiji na viambatisho.

3. Jumanne mafundi wakafika. Wakaniuliza, "Debora yuko wapi?" Mimi, mwenyekiti, nikatumwa kumwita. Maji yanatoka, hilo silalamikii.

4. Nyumbani nikianza kumweleza mke wangu Petronila kwa nini nimechelewa, anahesabu kwa vidole. Akifika ishirini anaingia jikoni.

Kwa hiyo naomba mtindo huu upigwe marufuku. Watoto wasome madaftari mbele ya darasa mpaka wenzao waelewe au wasinzie, kama sisi tulivyofanyaga. Tusipolindwa, nani atatusikiliza?

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa getini, na yule mama anayewapikia makande.

Mzazi mwenye mengi ya kusema,
Pastory Majura

N.B. Barua hii ilikuwa na kurasa kumi na moja. Nilimpa Debora ainakili kwa mwandiko mzuri, akaikatakata bila kuniuliza. Nikamkaripia. Kisha Petronila akaisoma mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Baba Debora, hebu nisomee tena." Tumeoana miaka kumi na tisa, Mwalimu. Hayo mafunzo ya picha, wazazi tunajiandikisha wapi?