Supu ya Mama Mukwe

Mimi nilijua duniani hakubaki kitu cha kunishangaza. Niliingia mashimo ya dhahabu ya Salamabila mikono mitupu, leo niko na maduka mawili na pikipiki tatu. Shimo liliwahi kuniangukia nikatoka na sigara yangu mudomoni. (Haikuzimika. Ulizeni watu.) Lakini leo, ndugu zangu, hapa hospitali Kasongo, nimevuliwa nguo na nguo nimevaa.

Juzi walinipasua ngiri. Nililipa yote mbele, noti juu ya meza. Nikamwambia munganga, "Andika yote, mimi sipendi deni." Akacheka. Sasa ndiyo najua alicheka nini! Kumbe kupasuliwa ni bei rahisi. Kupona ndiyo biashara. Kila rafiki anayekuja kunipa pole lazima alishwe, na mke wangu, Mama Riziki, anapika bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa mufuko wangu. Wanakula pembeni ya kitanda changu, wanalamba vidole, wananiambia nimekonda. Wakiondoka wanaomba pesa ya pikipiki. (Pikipiki zenyewe ni zangu!)

Mimi sili. Munganga alikataza: hakuna chakula mpaka upepo utoke. Nyinyi watu wazima, munajua upepo gani. Na chumba chetu iko na desturi yake: wako ukitoka, wagonjwa wote wanakupigia makofi. Asubuhi nzima muzee mumoja wa Nyangwe, kitanda cha jirani, ananichokoza.

"Bwana Dhahabu, bado?"

"Bado, muzee."

"Eh. Hapo pesa haisaidie."

Halafu akafika mama mukwe, kutoka Wamaza, na sufuria ya supu ya kuku. Harufu ile! Machozi yalinitoka. Sasa, mama mukwe wangu ni mutu wa heshima ya zamani. Hatujawahi kushikana mukono, hatujawahi kula pamoja, usoni haniangalii. Alisimama mulangoni, uso pembeni, kikwembe cha kitenge kichwani.

"Baba, pole na maumivu."

Mwanaume kama mimi atajibu amelala kama muhogo? Munganga alisema nisisimame. Nikasimama.

"Maumivu gani, mama? Mukwe wako iko nguvu kama..."

Ukatoka.

Haukutoka kidogo. Ulikuwa unajikusanya tangu juzi. Hata kitanda kiliitikia! Na wagonjwa, wapumbavu wale, makofi! Wa mguu uliovunjika alipiga fimbo chini. Munganga akaja mbio.

"Papa, imetoka?"

"Imetoka na kelele!" muzee wa Nyangwe akajibu kwa niaba yangu. "Mpaka Wamaza wamesikia!"

(Wamaza yenyewe ilikuwa mulangoni.)

Mama mukwe alijifunika uso, akatoka na sufuria yake, akaketi inje chini ya dirisha. Mama Riziki akamfuata. Akarudi amekaza midomo ili asicheke.

"Mama anasema supu haiingie humu mpaka umusafishe masikio."

"Nimusafishe na kitu gani?"

"Mbuzi. Na kikwembe. Na pikipiki ya kumurudisha."

Nikapigana kama ninavyopigania bei ya dhahabu. "Mugonjwa hana kosa! Tangu mababu, mugonjwa halipe faini! Mwambie!"

Hakuhitaji kuambiwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimeoa, mama mukwe alinisemesha mwenyewe, sauti ikipandia dirishani:

"Mugonjwa alikuwa amelala, ao alikuwa amesimama?"

Nikamwangalia muzee wa Nyangwe kwa macho ya kumuomba. Akakohoa kidogo, akasafisha koo.

"Alisimama, mama. Sisi wote tuliona. Alisema iko nguvu."

Basi, nimelipa. Supu ilikuwa imepoa, lakini tamu, siwezi kudanganya. Na nyinyi musicheke, maana mukinichekesha nyuzi zinavuta. Kunipasua walinitoza dola mia moja na themanini. Kusimama: dola mia moja na themanini na tano.